Neno "bow" na Uziwi wa Uhakiki wa Macho

1. Utangulizi

Zipo kauli mbili zinazorudiwa mno katika vyumba vya mihadhara ambamo fasihi ya Kiingereza na ya Kiswahili hufundishwa bega kwa bega. Ya kwanza ni ya wale wanaokitukuza Kiingereza. Hao hulishika neno kama "bow", linaloandikwa kwa herufi tatu zile zile lakini likatamkwa "bou" linapotaja uta na "bau" linapotaja kitendo cha kuinama, wakadai kuwa hapo ndipo ulipo utajiri wa lugha: neno moja, sauti mbili, maana tele, na kwa hiyo utata ambao mhakiki anaweza kuuchimba asifike mwisho wake. Kiswahili, kwa madai yao, ni maji ya kina kifupi, kwa sababu husomwa kama kilivyoandikwa. Kauli ya pili ni ya wale wanaokicheka Kiingereza. Hao hulishika neno lilo hilo kuthibitisha kuwa Kiingereza ni lugha isiyo na kanuni, kisha wakajipongeza kwamba Kiswahili kimeepukana na fujo hiyo.

Makala haya yanazipinga kauli zote mbili. Japo zinaonekana kupigana, zimezaliwa na kosa moja, nalo ni kulipima neno kwa vazi lake la maandishi. Historia ya "bow" yenyewe, ikifuatwa hatua kwa hatua, inabainisha kuwa maandishi si shahidi wa undugu wa maneno, na wala sauti peke yake haiushuhudii undugu huo. Hata hivyo, sauti ndiyo inayomwambia msomaji ni neno lipi lililo mbele yake. Mhakiki anayesoma kwa macho tu hupotoka katika Kiingereza, na hupotoka zaidi katika ushairi wa Kiswahili, hasa ule wa Mombasa, ambao maandishi sanifu yameuvua sehemu ya sauti zake. Gharama ya upotofu huo haimwangukii yeye. Humwangukia mtunzi na mwanafunzi.

2. Nasaba ya "bow"

Kiingereza cha Kale kilikuwa na jina boga, lililotaja uta wa kupigia mshale na pia kitu chochote kilichopinda mfano wa tao. (Mtu asilihusishe na boga la Kiswahili linalopikwa kwa nazi. Herufi ni zile zile na sauti inakaribiana, lakini undugu haupo kabisa.) Kutokana na boga yalipatikana regnboga, yaani upinde wa mvua, na elnboga, yaani kiwiko, mahali unapopindia mkono. Kiingereza cha leo kingali nayo katika "rainbow" na "elbow". Sauti ya "g" iliyokuwa katikati ya boga ililegea ikawa mfano wa "w", na irabu iliyoitangulia ikaungana nayo. Hivyo ndivyo ilivyopatikana "bou" ya leo. Tamko hilo hilo hutumika kwa uta wa kupigia fidla na kwa fundo la utepe, kwa kuwa navyo viliitwa kwa umbo lao la kupinda.

Palikuwa pia na kitenzi būgan, chenye maana ya kupinda au kuinama, na irabu yake ya kwanza ilikuwa "u" ndefu. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea desturi za Kifaransa walianza kuiandika "u" ndefu kwa herufi "ou" au "ow". Kisha, kati ya karne ya 15 na ya 18, yalitokea yale ambayo wanaisimu huyaita Mabadiliko Makuu ya Irabu, ambapo irabu ndefu za Kiingereza zilihama kutoka mahali pake pa kutamkiwa. "U" ndefu iligeuka "au". Hivyo ndivyo hūs, nyumba, lilivyokuja kutamkwa kama linavyotamkwa leo katika "house", na ndivyo kitenzi cha kuinama kilivyokuwa "bau". Kwa hiyo herufi "ow" zilijikuta zikibeba mizigo miwili: "ou" iliyotoka katika boga na "au" iliyotoka katika būgan. Hapakuwa na mshairi aliyelipanga jambo hili ili kuutajirisha ushairi. Ni kalamu ya mwandishi iliyosimama pale pale huku kinywa cha msemaji kikiendelea na safari.

Boga na būgan ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kijerumani cha kale lenye maana ya kupinda, na Kijerumani cha leo kingali na Bogen, uta, na beugen, kupinda. Hapa basi pana maandishi mamoja, matamshi mawili na asili moja.

Ipo "bow" ya tatu, nayo ni sehemu ya mbele ya chombo cha baharini, yaani omo. Hii nayo hutamkwa "bau", sawasawa na ile ya kuinama. Anayehukumu kwa sikio atasema kuwa ni neno lile lile, na kwamba omo imeitwa hivyo kwa sababu hupinda au kwa sababu chombo huinama kinapolikabili wimbi. Sivyo. Neno hili Waingereza walilipata kwa mabaharia wa Bahari ya Kaskazini. Waholanzi wana boeg, Wajerumani wana Bug, Wadenmaki wana bov, na maana yake ya asili ni bega. Omo ni bega la chombo. Hapa basi pana maandishi mamoja, matamshi mamoja na asili mbili.

Bega hilo lina ndugu wa kuzaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe. Kiingereza cha Kale kilikuwa na bōg, lililotaja bega au mkono, na kwa kuwa tawi ni mkono wa mti, likataja tawi pia. Leo huandikwa "bough" na hutamkwa "bau". Jicho halioni uhusiano wowote kati ya "bough" na "bow" ya chombo, ilhali ni maneno ya ukoo mmoja. Sikio linausikia uhusiano huo, lakini sikio hilo hilo linausikia na ule wa uongo, kati ya omo na kuinama. Hapa pana maandishi mawili, matamshi mamoja na asili moja.

Mifano hii mitatu inatosha. Kama maandishi yangekuwa kipimo cha undugu, tawi lingekuwa mgeni kwa omo. Kama matamshi yangekuwa kipimo, uta ungekuwa mgeni kwa kuinama, na omo ingekuwa ndugu yake. Yote haya ni kinyume cha ukweli wa historia.

3. Kosa la wanaotukuza utata

William Empson alipochapisha Seven Types of Ambiguity mwaka 1930, aliwafundisha wasomaji wa Kiingereza kuutazama utata kama rasilimali ya ushairi, si kama dosari ya uandishi. Fundisho hilo lilikuwa na faida kubwa. Lakini baadhi ya warithi wake wa leo wameuchukua utata wakauhamisha kutoka katika lugha hadi katika tahajia. Wakilikuta neno "bow" katika shairi linalomtaja mpiga mishale, hudai papo hapo kuwa shairi linazungumzia unyenyekevu, kwa kuwa uta na kuinama "ni neno moja".

Swali la kuwauliza ni rahisi: shairi hilo likisomwa kwa sauti, litasomwaje? Msomaji hana budi kusema "bou" au "bau". Hawezi kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Akishafumbua kinywa, utata uliodaiwa huwa umekwisha. Ikiwa shairi lina vina, mtunzi mwenyewe huwa ameshaamua: "bow" iliyotiwa kina pamoja na "know" ni uta, na iliyotiwa kina pamoja na "now" ni kuinama au ni omo. Utata ambao huisha neno linapotamkwa si utata wa shairi. Ni kusitasita kwa msomaji ambaye hajaanza kusoma.

Ajabu ni kwamba utata wa kweli upo, ila hawauoni. Upo kati ya kuinama na omo, ambayo sikio haliwezi kuyatenga. Mshairi anayekisawiri chombo kikiinamisha omo yake mbele ya wimbi ana nafasi ya kulichezea neno kwa namna ambayo msikilizaji ataisikia na kuifurahia. Kwamba maneno hayo mawili hayana asili moja si hoja, kwa kuwa mchezo wa maneno hauhitaji cheti cha kuzaliwa. Unahitaji tu kwamba wasikilizaji wazisikie maana mbili pamoja.

Hapa huenda mtetezi wao akamtaja Heraklito, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Katika Kiyunani cha kale neno bíos lilikuwa uhai, na neno biós lilikuwa uta. Herufi zilikuwa zile zile, ila kidatu cha sauti kilipanda mahali tofauti. Alama za kuonyesha kidatu hicho zilikuwa bado hazijabuniwa, kwa hiyo katika maandishi maneno hayo hayakutofautiana hata kidogo. Heraklito alijenga fumbo juu yake: chombo kinachobeba jina la uhai kazi yake ni kuua. Je, huu si utata wa macho?

Ni wa macho kwa sehemu, lakini nguvu yake yatoka kwenye sikio. Fumbo hilo lamshtua msomaji kwa sababu anajua kuwa maneno ni mawili, na kuwa kinywa chake huyatenga kila siku. Angekuwa kiziwi wa kidatu, angedhani ni neno moja, na pasingekuwa na fumbo la kufumbua. Heraklito aliichezea tofauti kati ya herufi na sauti akijua anachokifanya. Mhakiki wa macho hajui hata kuwa tofauti hiyo ipo. Kuulinganisha uhodari wa mmoja na upungufu wa mwingine ni kumdhulumu Heraklito.

Kundi jingine la waumini hawa hukimbilia etimolojia. Husema kuwa maana halisi ya neno imo katika shina lake, na kwamba mhakiki akilifikia shina amefikia ukweli wa matini. Dawa ya imani hii ni neno "buxom", ambalo limetokana na būgan. Hapo kale lilikuwa na maana ya mtu anayepindika, yaani mtiifu, asiye mkaidi. Leo humtaja mwanamke mwenye mwili uliojaa na kifua kikubwa. Atakayeisoma riwaya ya Kiingereza ya karne ya 20 akaling'ang'ania shina, atamhesabu kila mwanamke aliyesifiwa hivyo kuwa mtiifu, hata kama katika riwaya yenyewe huyo ndiye mwasi mkuu. Shina huonyesha neno lilikotoka. Halina mamlaka ya kuliamrisha liseme nini leo.

4. Kosa la wanaojipongeza

Sasa na wageukiwe wale wanaocheka. Dai lao kuwa Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa lina kiasi cha ukweli, na kwa mtoto wa darasa la kwanza ni neema. Kwa mhakiki halitoshi.

Kiswahili sanifu kina barabara mbili. Shada ikiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya lugha hii, barabára ni njia kuu. Ikiangukia ya tatu kutoka mwisho, barábara ni sawasawa, ilivyo hasa. Maandishi hayasemi ipi ni ipi. Vivyo hivyo, walákini ni kiunganishi chenye asili ya Kiarabu, chenye maana ya "lakini", na walakíni ni dosari. Jina hilo la dosari limezaliwa na kiunganishi kile kile, kwa kuwa jambo linalosifiwa kisha likafuatiwa na "lakini" lina kasoro. Hapa pana maandishi mamoja, matamshi mawili na asili moja. Ni "bow" ya uta na "bow" ya kuinama, imekaa Pwani ya Afrika Mashariki, na wanaoicheka ile ya Kiingereza hawajaiona hii iliyomo kinywani mwao.

Hata sura ya "bow" haiko mbali na Kiswahili. Uta ni neno la kale la Kibantu, na Wakikuyu na Wakamba nao wanalo. Lakini Waswahili wana pia upinde, jina lililotokana na kitenzi pinda, kama boga lilivyo ndugu wa būgan. Tao linaloonekana mbinguni baada ya mvua nalo huitwa upinde wa mvua. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili undugu wa upinde na pinda unaonekana na kusikika waziwazi, ilhali katika Kiingereza undugu wa "bou" na "bau" umefichwa na mabadiliko ya irabu. Tofauti hiyo ni ya kihistoria. Haiipi lugha yoyote kati ya hizo mbili sifa ya kina au aibu ya fujo.

Jambo zito zaidi liko katika Kimvita. Lahaja hii hutenga konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao. Paa la nyumba halina mpumuo, ilhali p'aa, mnyama wa porini, anao. Kaa la moto halina, k'aa wa baharini anao. Tembo linalogemwa mnazini halina, t'embo mwenye mkonga anao. Chungu cha kupikia hakina, ch'ungu watambaao wanao. Mpumuo huo si pambo. Ni kumbukumbu ya kiambishi cha nazali kilichokuwa mbele ya majina ya ngeli ya N, ambacho kilitoweka mbele ya konsonanti zisizo ghuna kikaacha pumzi mahali pake. Sarufi ya kale ya Kibantu ingali inasikika katika pumzi hiyo.

W. E. Taylor, mmisionari aliyejifunza Kimvita akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliuona umuhimu wa jambo hili, akauwekea mpumuo alama katika maandishi yake. Lakini mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaeneza othografia isiyouandika mpumuo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huyatenga maneno hayo kwa tarakimu, kaa la kwanza, la pili na kuendelea, kana kwamba tofauti yao ni ya hesabu tu.

Yaani othografia sanifu ilikitendea Kimvita kile ambacho historia ilikitendea Kiingereza: iliyavisha maneno mawili yenye sauti mbili vazi moja. Tofauti ni kwamba Waingereza walifikia hapo kwa karne nyingi za mazoea, na Kimvita kilifikishwa hapo kwa uamuzi wa kamati.

5. Gharama yake

Mtu atauliza: hasara iko wapi, ikiwa muktadha humwonyesha msomaji maana inayokusudiwa? Katika habari ya gazeti, kweli hasara ni ndogo. Ushairi ni jambo jingine. Mabingwa wa Mombasa, Muyaka bin Haji akiwa mbele yao, walitunga kwa ajili ya masikio ya mji. Mashairi yao yalisemwa, yakajibiwa, yakabishaniwa, na mafumbo yao yalifumbwa kwa watu waliojua kuisikia pumzi ndani ya neno. Mwanafunzi anayepewa tungo kama hizo katika hati sanifu hukutana na utata ambao mtunzi hakuuweka, kwa kuwa mtunzi aliyatamka maneno mawili mbalimbali. Wakati huo huo huweza kukosa utata alioutia mtunzi mahali ambapo sauti zinalingana hasa. Kisha mwanafunzi huyo huandika kuwa mshairi "anatumia utata kwa ufanisi", na mhadhiri, aliyesoma kwa macho kama yeye, humpa alama nzuri. Sifa inayotolewa kwa jambo ambalo mtunzi hakulifanya ni njia ya adabu ya kutomsikiliza.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa pendekezo la kuifuta Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi na kuifanya fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, kuwa kitovu cha masomo. Pendekezo hilo lilibadilisha jina la idara na orodha ya vitabu. Lakini katika mahali pengi halijabadilisha kiungo cha mwili kinachotumika kusomea. Fasihi simulizi imeingizwa darasani, ikachapishwa, ikasomwa kimyakimya kama tangazo la mnada. Kuna faida gani kumtoa Shakespeare katikati na kumweka Muyaka mahali pake, ikiwa wote wawili watahakikiwa na kiziwi?

6. Hitimisho

Kinachodaiwa hapa si kwamba kila mhakiki awe mwanafonolojia, wala kwamba othografia sanifu itupwe, kwani imefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha wasemaji wa nchi nyingi. Kinachodaiwa ni mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, matini za kishairi za Kimvita zinazofundishwa vyuoni zichapishwe zikiwa na alama ya mpumuo, kama Taylor alivyofanya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Pili, shairi lisomwe kwa sauti darasani kabla ya kuhakikiwa, na lugha ikiwa ya lahaja, asikizwe msemaji wa lahaja hiyo. Tatu, dai lolote la utata lithibitishwe kwa sikio. Mhakiki aonyeshe kuwa maana mbili husikika pamoja katika tamko moja, na si kwamba hufanana katika karatasi tu.

Wanaokitukuza Kiingereza kwa sababu ya "bow" na wanaokicheka kwa sababu hiyo hiyo wamefanya neno la herufi tatu kuwa uwanja wa kushindania heshima ya lugha. Neno lenyewe halikushiriki mashindano hayo. Lilikuwa maneno matatu, mawili ya ukoo wa kupinda na moja la ukoo wa bega, yakakutanishwa na kalamu. Anayetaka kuyajua na ayatamke kwanza.